Jicho la Mariamu na Krimu Isiyotiwa Dawa

Vijana wangu, amani ya Mola iwe juu yenu, nyinyi mliozaliwa hapa Ghulail na nyinyi mlioshuka Jidda juzi na ikama mpya, kibali cha ukaazi, mfukoni. Nilitaka kukuandikieni kwa moyo mkunjufu, nikuchekesheni kwa visa vya kiwandani, kisha niweke kalamu chini. Nimeshindwa. Kila nikianza naliona jicho la kulia la Mariamu Nekesa, nami najua kwamba jicho hilo halinioni. Kwa hiyo nitakusimulieni habari zake, na visa vya kazi vitajipenyeza humo humo, maana bila kuijua kazi yangu hamtaelewa nilivyomkosea.

Mimi nilikuwa mpishi. Si wa biriani. Kwa miaka thelathini na kitu nilipika krimu za uso, losheni za mikono na mafuta ya nywele katika kiwanda kimoja kusini mwa Jidda, na miaka sita katikati nilipelekwa Riyadh kupika sharubati. Nimestaafu na vidole vyangu vyote kumi, macho yangu mawili, na Qurani niliyoihifadhi utotoni, wakati wazazi wetu walikuwa bado wanasema mwakani tutarudi Unguja. Wanangu wanne wamesoma kwa tangi la krimu. Namshukuru Mola kwa yote hayo, na hata hivyo moyo hautulii.

Kitu nilichokipima mara nyingi kuliko vyote ni unga mweupe usio na harufu uitwao parabeni. Geuzeni chupa ya losheni mliyonayo msome maandishi madogo ya nyuma. Huenda mkaukuta, una jina refu linaloishia hivyo hivyo. Kazi yake ni moja tu, kuzuia kitu kisioze. Krimu ni maji na mafuta yaliyooanishwa kwa nguvu, na penye maji vijidudu huja kutafuta riziki. Nao ni viumbe vya Mungu, hawana kosa. Wewe unachovya kidole leo, unachovya kesho, unachovya mwezi mzima, na kila kidole kinaingiza wageni. Parabeni ni bawabu anayekaa mlangoni. Hakuna anayemsifu bawabu mpaka siku atakayokosekana.

Waarabu huziita dawa za namna hii hafidha, yaani zenye kuhifadhi. Na mtu aliyeihifadhi Qurani huitwa hafidh, kama nilivyokuwa nikiitwa mimi. Basi mkubwa wangu wa kwanza, mkemia wa Kimisri tuliyemwita Daktari Fat-hi, hakuchoka na mzaha huo. Ungemsikia kutoka mwisho wa ukumbi: "Ya hafidh! Njoo utie hafidha, kabla shetani hajatia chake!" Na watu wakacheka kila siku kama hawajawahi kuusikia.

Fat-hi alinifundisha kazi kwa kunitia aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa tangi la losheni ya waridi. Unga wa parabeni haupendi maji ya baridi. Ukiutia humo unaelea juu kama sembe, unaganda pembezoni, na ukitazama kwa haraka unadhani umeyeyuka. Lazima maji yawe ya moto hasa. Tena zipo za aina mbili. Moja hutiwa kwenye maji, nyingine, inayopenda mafuta, hutiwa kwenye mafuta, kila moja ilinde upande wake kabla ya pande mbili kukutanishwa. Mimi siku hiyo nilikuwa nimefunga sunna ya Jumatatu, joto la Jidda limenikaba shingoni, nikaona uvivu kungoja maji yapate moto. Nikasema bismillahi, nikamimina, nikakoroga, nikaona yatosha.

Baada ya wiki tatu makopo yalirudi kutoka madukani yameota manyoya ya kijani. Jidda si Riyadh. Hewa yetu ina maji, hata ukuta hutoka jasho. Fat-hi alilileta kopo moja, akalifungua mbele ya watu wote.

"Hii ni nini?"

"Ukungu, daktari."

"Hapana. Hizi ni ndevu. Losheni yako imebaleghe."

Walipomaliza kucheka, akaniuliza taratibu, "Ulisema bismillahi?"

"Nilisema."

"Na maji uliyapasha moto?"

Nikazitazama zile ndevu.

"Bismillahi haipashi maji moto, mwanangu. Bismillahi ni yako wewe, ili uyapashe kwa uaminifu."

Maneno hayo niliyapenda. Nimeyarudia msikitini, nimeyarudia harusini, nimewafundisha wafanyakazi wapya hata wakawa wanayasema kabla yangu. Kuyasema si kuyashika, kama mtakavyoona.

Alinifundisha pia kunusa. Katika kabati la maabara alikuwa na vikopo vilivyooza makusudi, kila kimoja kwa namna yake, akinifunga macho kwa kitambaa na kunipitishia puani. Kimoja kilinuka kabati lenye nguo mbichi. Huyo ni ukungu. Kimoja kilinuka mkate unaoumuka. Hiyo ni hamira. Cha tatu kilinuka zabibu tamu, nikasema, "Daktari, hiki kizuri."

Akanifungua kitambaa nione. Krimu ilikuwa imepata rangi ya majani machanga.

"Huyu ndiye wa kumwogopa," akasema. "Anaishi kwenye mabomba, kwenye sinki, hata mahali unapoona maji safi. Parabeni peke yake inamwonea haya huyu, lazima uisaidie kwa dawa mwenziwe na kwa usafi wa vyombo. Akilipata jicho lenye mchubuko, hana subira. Siku mbili, tatu, amelimaliza."

Msidhani nakuuzieni parabeni. Nilipokuwa Riyadh kulikuwa na msimamizi mmoja aliyeamini kwamba kama kidogo kinafaa basi kingi kinafaa zaidi. Kiangazi, malori ya sharubati ya ukwaju yanangoja juani, naye anapita kwenye matangi akipiga makofi: "Zidisha, yalla, zidisha!" Mwenzangu akatia maradufu. Mimi nikachota kijiko katika tangi lake nikaonja, ulimi ukafanya ganzi kwa mbali kama umetoka kwa daktari wa meno.

"Onja, bosi."

Akaonja. Akajilamba. Akaonja tena, akajigusa ulimi kwa kidole, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeibiwa.

"Halas," akasema. "Imwageni."

Dawa ikizidi kipimo si dawa. Kwenye krimu tulitia chini kabisa ya gramu moja kwa kila gramu mia, na kwenye chakula kidogo zaidi ya hapo. Tena wapo wataalamu waliogundua kwamba baadhi ya aina za parabeni, hasa zile nzito, zinaweza kujifanya kidogo kama homoni ya kike mwilini, wakaingiwa na hofu. Kwa hofu hiyo nchi nyingi zilipunguza vipimo, nyingine zikaziondoa aina hizo kwenye vyakula na kwenye krimu za watoto wachanga. Sisi nasi tukazitoa. Zile nyepesi, kwa kipimo chake, bado zinaruhusiwa pahala pengi. Mimi si mwanachuoni wa elimu hiyo, sitaapa juu yake. Anayetaka kuziepuka aziepuke. Namwomba jambo moja tu, aulize nani amewekwa mlangoni badala ya bawabu aliyefukuzwa.

Hilo watu hawakuuliza. Miaka yangu ya mwisho kiwandani likaja neno "bila parabeni", na watu wa mauzo wakataka liandikwe kwenye kifuniko kwa herufi kubwa kuliko jina la krimu yenyewe. Tukaletewa dawa nyingine, ya maji maji, isiyojulikana na mtu. Mwezi haukuisha, wafungaji wa makopo watatu wakavimba mikono, wanajikuna mpaka damu. Hakuna aliyeandika kwenye kifuniko "ina kiwasho". Huko mitaani watu walisoma "bila parabeni" wakaelewa "bila madhara". Baadaye wakaelewa "bila dawa yoyote". Hapo ndipo Zuhura alipoingia.

Zuhura ni binti wa marehemu kaka yangu. Alinijia Ijumaa moja baada ya sala, nami nimekaa sebuleni na kahawa yangu na kashata.

"Ami, nikuulize suala la dini?"

"Uliza, mwanangu."

"Zamzam inaharibika?"

Enyi vijana, mzee akiulizwa suala la dini na kijana siku hizi hufurahi mpaka akili inamtoka. Niliweka kikombe chini. Nikaanza na Bibi Hajar, nikakimbia naye Safa na Marwa mara zote saba, nikafika penye maji ya kisima cha Makka, nikamaliza kwa dumu la Zamzam la marehemu mama, lililokaa kabatini mwaka mzima likawa vile vile.

"Haiharibiki," nikamwambia.

Zuhura akanibusu mkono. "Mungu akuweke, Ami." Akaondoka, na kashata mbili mkononi.

Sikumwuliza: kwa nini unauliza? Maneno matatu. Mimi, ambaye miaka yote ile sikuruhusu ndoo ya maji iingie tangini mpaka nijue imetoka wapi na inakwenda kufanya nini.

Katika dini sikukosea. Zamzam iliyofungwa dumuni ikaachwa peke yake hukaa. Lakini Zuhura hakuiacha peke yake. Aliichanganya na utomvu wa mshubiri, asali, maji ya waridi na mafuta ya lozi, akaipiga katika mashine ile ile anayosagia maembe, akaigawa katika vikopo vyeupe vyenye vifuniko vya kijani. Kwa vijidudu hiyo ilikuwa karamu ya harusi, na bawabu hayupo. Akaiita krimu ya chini ya macho, ya kuondoa weusi wa uchovu. Wateja wake walikuwa dada zetu wa kazi za ndani, wanaolala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Nani mwingine ana weusi huo? Alivitangaza kwenye simu, na waliokuwa wakienda Riyadh kwa basi wakavibeba kwenye mikoba.

Mimi sikujua lolote. Miezi miwili baadaye Zuhura akaja kwangu hana damu usoni. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Al-Rawdah amempigia simu, anafoka kwa Kiarabu. Mfanyakazi wake yuko hospitali, jicho limevimba, na namba iliyo kwenye kopo la krimu ni ya Zuhura.

"Twende, Ami. Wewe unajua kusema na madaktari."

Nikaenda nikidhani nakwenda kutafsiri.

Madam alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, mwanamke wa makamo, abaya imekaa upande. Hakuwa mtu mbaya. "Tangu juzi namwambia twende hospitali," akaniambia, "yeye ananijibu mafi mushkila, hakuna shida, madam, nina dawa yangu. Dawa gani hiyo, haji?"

Huyo mfanyakazi ndiye Mariamu, msichana wa Mumias, Kenya, mwaka wa nne katika nyumba hiyo moja. Alikuwa akisugua bafu kwa dawa kali, mvuke ukamchoma jicho la kulia, akalifikicha mpaka likachubuka. Kisha akalipaka krimu ili lipoe. Nilimkuta ameketi kitandani, nusu ya uso imefungwa bandeji.

"Asalamu aleikum, mzee. Kwani wewe ndiye ami ya Zuhura? Yule wa dini?"

"Ndiye mimi, mwanangu. Pole sana. Jicho vipi?"

"Hili limekataa kabisa. Lakini hili lingine nimelichunga."

"Umelichunga vipi?"

Akacheka, akatia mkono chini ya mto. "Hawa madaktari na kemikali zao, wacha tu. Mimi napaka yangu. Kila nikisikia adhana, kidogo hapa. Mara tano kwa siku, kama swala."

Akanipa kopo. Kwenye kifuniko ilibandikwa karatasi iliyochapwa vizuri, na maua pembeni: Krimu ya Macho ya Zamzam. Bila parabeni. Haiharibiki.

Sikuhitaji kuuliza neno la mwisho lilitoka kinywani mwa nani. Nikafungua. Krimu ilikuwa na rangi ya majani machanga, na harufu yake ni zabibu tamu.

Nilimwita muuguzi kwa sauti ya mtu aliyeona moto. Wakaja, wakaliosha jicho la kushoto, wakalitia dawa. Kwa rehema ya Mola halikuwa na mchubuko, na vijidudu hawakupata mlango. La kulia, daktari alinionyesha kwa tochi. Kioo chake kilikuwa cheupe kama ute wa yai lililoiva.

"Ataona?" nikauliza.

"Mwanga ataujua," akasema. "Uso wa mtu hataujua."

Kopo likapelekwa maabara, na jibu lilikuwa lile nililokwisha kulipata kwa pua.

Nje ya wodi Zuhura alikaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Ami, ulisema haiharibiki."

"Nilisema."

"Mimi nikajua Ami kafanya kazi hizi miaka yote, angekuwa na neno angelisema."

"Najua, mwanangu."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa kinywa gani?

Kiwandani, kila mpiko una namba yake, imepigwa chini ya kopo. Ukiharibika, unafungua daftari, unajua kila kopo limekwenda duka gani, unayaita yote yarudi. Jikoni kwa Zuhura hakukuwa na namba. Kwa kukumbuka kumbuka alihesabu vikopo ishirini na vinne. Tukaandika ujumbe kwa wote: msipake, rudisheni, kuna mtu ameumia jicho. Nilidhani vingi vitarudi kabla ya Magharibi. Badala yake zikaanza kuingia sauti kwenye simu, na Zuhura akawa ananiwekea nisikie.

Mmoja wa Al-Mahjar: "Zuhura wewe! Umepata wateja wa majumba makubwa, sasa unataka vikopo vyetu sisi? Mafi!"

Mwingine wa Riyadh, anacheka: "Mimi hii siirudishi, dada. Hata madam ameniuliza napaka nini. Nikienda likizo mume wangu atadhani ametumiwa mke mwingine."

Na wa tatu, huyu hacheki: "Huyo ami yako si ndiye alikuwa anapika kemikali kiwandani? Mwambie aile parabeni yake na mkate. Sisi tuna maji ya Mungu."

Nikaichukua simu nikajibu mwenyewe, kwa aya na kwa hoja. Nikawaeleza habari za bomba na sinki, za asali na mshubiri. Binti mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, labda imani yako imepungua kidogo kwa sababu ya uzee. Nitakuombea." Na kweli aliniombea, dua ndefu, Kiarabu chake safi. Zaidi ya miaka hamsini nimeibeba Qurani kifuani, na neno analolishikilia nililitoa mimi.

Vilirudi vikopo tisa. Tulivipanga juu ya meza ya jikoni kwa Zuhura, vingine vimeanza kugeuka rangi, vingine vyeupe kabisa kama maziwa. Hivyo vyeupe ndivyo vilivyonitia hofu zaidi, maana macho hayaoni chochote, na pua pia haioni, mpaka siku imepita. Zuhura alishika kimoja akakiinua juu ya sinki, akakishusha, akakiinua tena.

"Ami, nitaimwaga wapi? Ina Zamzam."

Hata hapo mkono wake ulikuwa na heshima. Tukaichanganya na klorini ndooni tukaipeleka kwenye mchanga nje ya mtaa, tukachimba, tukafukia. Alilia njia nzima. Vikopo kumi na kitu viko nje mpaka leo, na wenye navyo wanakaa nyumba nisizozijua, katika vyumba vya juu ya paa ambako hakuna kiyoyozi wala friji.

Kama mnataka elimu kutoka kwangu, ichukueni hii, ingawa sina tumaini kubwa kwamba itawafaa walio wengi. Kitu chenye maji kikiuzwa kimeandikwa hakina kitu fulani, muulizeni muuzaji kina nini. Akisema hakina kitu, mwambieni akiweke kwenye friji, kiliwe au kipakwe ndani ya siku chache, kisha kitupwe. Krimu iliyobadilika rangi au harufu usiijaribu hata kwenye mguu. Krimu ya mtu mmoja isichovywe na watu wawili. Na jicho lenye kuuma halipakwi kitu chochote cha jikoni, hata kikisomewa, hata kikipendwa. Haya ni mambo madogo, mtoto anayaelewa. Nimeyajua tangu kikopo cha zabibu cha Fat-hi. Yamemfaa nani?

Mwezi ulipopita Mariamu alipewa karatasi ya kuondoka moja kwa moja. Madam alimfungia sanduku kwa mkono wake mwenyewe. Siku mbili kabla ya ndege alikaa kwa Zuhura hapa Ghulail, nami nikaenda kumwomba msamaha. Zuhura alituwekea chai akakaa pembeni, kichwa chini.

Nilimweleza yote. Suala la Ijumaa, jibu langu, neno lililoandikwa kifunikoni. Alinisikiliza amenigeuzia upande wa kushoto, ili anione.

"Mzee, hapana," akasema. "Ilikuwa ile dawa ya bafu. Na Mungu alipenda. Usijibebeshe."

"Nimeliona kopo, Mariamu. Nimelinusa kwa pua yangu."

"Wewe mtu wa dini utasemaje Zamzam imenipofusha?"

"Si Zamzam, mwanangu. Ni vitu vilivyochanganywa nayo, na ni vijidudu."

Nikamweleza tena, taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wafanyakazi wapya. Aliitikia kila sentensi, ndiyo mzee, sawa mzee, kwa heshima ile mnayompa mtu aliyeanza kuchanganyikiwa kwa uzee. Nikaona huku siwezi kupita. Nikauliza jambo la kazi.

"Ulichukua vikopo vingapi?"

"Vitatu."

"Kimoja kilibaki hospitali. Vingine?"

Akafungua sanduku, akatoa kimoja kilichofungwa ndani ya leso mpya. Akanipa. Najua hakunipa kwa kuamini. Alinipa kwa sababu nina mvi.

"Na cha tatu?"

"Nilimtangulizia mamangu. Rafiki yangu Halima alirudi nyumbani kabla nilazwe, akambebea. Mama macho yake yanamsumbua sana, yanawasha, anayafikicha siku nzima."

Nikamwomba namba. Ilipokewa mara ya kwanza. Nyuma yake walisikika kuku.

"Mama, mimi ni mzee wa Jidda, nipo na Mariamu hapa."

"Mungu wangu! Ako sawa?"

"Yuko salama, kesho kutwa anasafiri. Mama, kile kikopo cha kifuniko cha kijani, umekifungua?"

"Nilifungua juzi. Napaka kidogo kidogo, kisiishe."

"Kitupe, Mama. Leo hii, tafadhali. Usikipake tena hata mara moja. Kimeharibika."

Nikamweleza kwa ufupi nilivyoweza, bila mshubiri na bila mabomba, nikamwambia tu kwamba hicho ndicho kilichomharibu mwanawe jicho.

"Mzee," akasema, "mtoto wangu amekaa huko miaka minne. Sasa anarudi na jicho moja. Hiki ndicho kitu cha huko nimeshika na mkono wangu. Unaniambia nitupe?"

"Ndiyo, Mama. Tupa."

Mariamu alikuwa amenyoosha mkono anataka simu. Nikampa, nikidhani atanisaidia. Alisema na mama yake kwa lugha yao, sauti ya chini, akinitazama muda wote kwa jicho lile lililobaki, kwa huruma nyingi. Kisha akakata, akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Umemwambia atupe?"

"Nimemwambia akiweke vizuri mpaka nifike," akasema, "nikiangalie mwenyewe."